Kipimo Nilichokikata kwa Kalamu Nyekundu

Ninyi mliobaki katika ofisi ya fakture, ya ankara za wagonjwa, mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi zamani, kabla ya kompyuta kuanza kutuuliza maswali. Nilikusudia kurasa mbili za kuchekesha. Nilipofika kwenye habari za wagonjwa wa figo mkono ulisimama, na hamu ya kuchekesha ikaniisha. Basi nimeandika yote, mnivumilie. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Kuta za ofisi ile ni mbao nyembamba, na kila aliyetaka kuyajua aliyajua siku hiyo hiyo.

Nilizaliwa Kisenge, baba akichimba madini ya manganizi, nikaja Kolwezi na cheti cha kupiga taipu. Siku ya kwanza nilifika hospitali ya mgodi mapema mno, kwa kuwa sikuwa na saa na niliogopa kuchelewa. Mlinzi alidhani mimi ni mgonjwa, akaniweka kwenye mstari wa homa. Nilikuwa nimekwisha kupimwa joto nilipopatikana na Tata Kabwita, mkuu wa fakture, mzee mwembamba aliyevaa koti zito hata katika joto la mwezi wa kumi. Alinikabidhi rula ya mbao, kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na orodha ya bima, kitabu kinene chenye kila tendo la daktari na namba yake. Kung'oa jino kuna namba. Kuzaa kuna namba, na kuzaa mapacha kuna nyingine.

"Mi nakuomba kintu kimoja tu," aliniambia. "Usiandike namba ya kintu haujaona. Kama haujaona, simama, enda ukaone."

Akanizungusha hospitali nzima siku tatu. Niliona jino likitoka, niliona mguu ukifungwa plasta, niliona mochari, ambayo nayo ina namba. Alinifundisha kusoma faili kutoka nyuma, kwa sababu karatasi ya mwisho ndiyo inayoeleza mgonjwa yuko wapi leo. Watangazaji wa redio siku hizi huziita namba hizo misimbo. Sisi tulisema kodi, kwa Kifaransa, na mtu fulani akabandika mlangoni karatasi yenye maneno "Ofisi ya Kodi". Wafanyabiashara wa sokoni walioleta wagonjwa wao waliipita korido yetu kwa mbali hadi karatasi ilipoondolewa.

Makosa yangu ya miaka ya kwanza yalikuwa ya kucheka. Nilipindua tarakimu mbili, dereva wa lori mwenye ndevu akaandikwa kuwa amezaa kwa upasuaji. Bima ilikubali bila swali. Miezi michache baadaye alivunjika mguu, na bima ikaandika barua kuuliza kwa nini mama aliyejifungua juzi alikuwa anaendesha lori la asidi. Tata Kabwita aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa koti lake. Sikumwona akicheka, lakini alienda nayo nyumbani.

Alipostaafu akahamia Sandoa kulima mihogo, nami nikakalia kiti chake.

Wagonjwa wa figo walianza kuwa wengi baadaye. Hospitali ililetewa mashine za kusafisha damu, na bima ikakubali kwamba mgonjwa mwenye ndugu wa kumpa figo apelekwe ng'ambo kupandikizwa. Kabla ya safari damu ya wote wawili ilipimwa. Vipimo hivyo havikufanyika Kolwezi. Damu iliwekwa kwenye sanduku la barafu na kupanda ndege. Katika orodha ya bima ikaongezwa mistari mitatu mipya ambayo sikuielewa hata kidogo, nikaenda maabara kwa Mama Mujinga, aliyekuwa mkuu pale.

"Ya kwanza," alisema, "tunaangalia kama mwili ya mugonjwa na ya mwenye kutoa figo binafanana. Ile haibadilike, unapima mara moja. Ya pili, tunatafuta mu damu ya mugonjwa kama kuko baaskari benye kuchukia mwili ya bantu bengine. Bale njo antikorps. Ya tatu, tunachanganya damu ya mugonjwa na ya mwenye kutoa figo. Kama banapigana mu chupa, batapigana mu tumbo."

"Na askari hao wanatoka wapi?"

"Kama banakutia damu ya muntu mwingine, mwili yako inamushika ule muntu. Haimusahau. Ata mimba. Mutoto eko na kintu ya baba yake ndani. Mama anabeba, anazaa, na damu yake inabakia na askari wa kupiga baba."

Nilikuwa nimezaa watoto watano. Nilisimama pale nikiitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nilipomweleza mume wangu jioni ile aliacha kula kwanza, kisha akauliza kama askari wangu walikuwa wengi.

Mama Mujinga alisema jambo jingine nilipokuwa natoka. Alisema askari hao hubadilika, leo hawapo na mwezi ujao wapo. Nililisikia vizuri. Sikuliandika popote.

Kisha bima ikaleta barua kali kuhusu kile walichokiita dubloni, yaani namba ileile, kwa mgonjwa yuleyule, mara mbili ndani ya miezi sita. Karani wa fakture ndiye aliyepewa kazi ya kuzisaka na kuzikata kabla kipimo hakijafanyika. Nilikuwa na jicho la kazi hiyo. Dubloni haikunipita. Nilichora mstari mwekundu kwa rula, nikagonga muhuri, na maombi yakarudi maabara yamekufa. Niliwahi hata kuitwa mbele ya wenzangu nisifiwe, nami nilivaa kitambaa kipya siku ile.

Mama Zaina alikuwa muuza vitenge, wa familia ya Waislamu waliotoka mashariki, watu wa biashara na malori. Mume wake alisafirisha mizigo ya mgodi, ndiyo maana walikuwa na bima yetu. Figo zake zilikufa baada ya mtoto wake wa kwanza. Asubuhi tatu kila wiki alikuja kwenye mashine, amevaa vizuri kama anakwenda arusini, na akipita dirishani kwangu alisalimia. Kaka yake Saidi, dereva, alijitolea figo. Vipimo vyote vitatu vilitoka vizuri. Miili ilifanana, askari hawakuonekana, na damu zao hazikupigana. Pasipoti zikaombwa. Kwao walisoma dua.

Siku kumi kabla ya safari niliandaa faili lake la mwisho la kupeleka ng'ambo. Kazi yenyewe ni kupanga namba zote kwa tarehe, kuanzia nyuma. Nikaona namba ya kipimo cha askari, safi. Baada yake, katika miezi ya kungoja visa, namba ya kutiwa damu, mifuko miwili, kwa sababu damu yake ilikuwa imepungua sana. Na wiki tatu baada ya hiyo mifuko, ombi la daktari la kurudia kipimo cha askari. Juu ya ombi hilo palikuwa na mstari mwekundu ulionyooka sana, na muhuri wangu.

Ofisini watu walikuwa wanazungumza, naona midomo, sisikii sauti. Maneno yote ya Mama Mujinga yalirudi kwa pamoja, mwili haumsahau mtu, askari hubadilika. Nilibeba faili hadi maabara, nikaliweka mezani mbele yake. Alifuata tarehe kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye mstari mwekundu kilisimama.

"Mi niliona inarudi imekatwa," alisema polepole. "Nilifikiri daktari njo alibadilisha mawazo."

"Daktari alifikiri kimefanyika."

"Na wewe ulifikiri nini?"

"Sikufikiri. Nilihesabu."

Tulikwenda pamoja kwa daktari wa figo. Aliuliza nani aliyekata, nikasema ni mimi. Hakupaza sauti. Alisema huenda kule ng'ambo wangegundua kabla ya kumpasua. Alisema "huenda" mara mbili, na mara ya pili alikuwa amegeukia dirisha.

Damu ilitolewa siku ileile, ikaruka na ndege. Majibu yalipokuja, askari walikuwepo, wengi, na walikuwa wanamchukia Saidi hasa. Damu zao zilipochanganywa zilipigana. Damu ya wageni wawili, iliyotiwa kwa nia njema kabisa, ilikuwa imemfundisha dada kumkataa kaka yake.

Niliomba niwepo wakiambiwa. Saidi hakuamini. Alinyoosha mkono wake juu ya meza, akatuonyesha mishipa.

"Ile damu ni moja," alisema. "Baba moja, mama moja. Munapima nini, banaganga?"

Mama Zaina alinitazama mimi. "Mama Georgette, njo wewe ulikata?"

"Ni mimi."

"Na njo wewe uliona?"

"Ni mimi pia."

Aliomba faili. Akaniambia nimsomee kila namba na maana yake, tangu siku ya kwanza, kwa sababu miaka yote ile walikuwa wakimtoboa na hakuna aliyemwambia wanatafuta nini. Nilimsomea asubuhi nzima, yeye amelala kwenye mashine. Mahali pengine aliniambia nirudie. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na sikuandika kitu.

Dada yao mkubwa, aliyeolewa Sandoa, ndiye aliyepatikana. Alipimwa, na askari wa Mama Zaina hawakumgusa. Walisafiri, wakarudi, na Mama Zaina yupo sokoni na vitenge vyake. Uongozi uliniandikia barua ya pongezi kwa kugundua kosa. Haikutaja kosa lilikuwa la nani. Niliisoma nikaona aibu.

Hapo ndipo wengi wenu mnapoikumbuka habari hii, na mnadhani iliishia hapo. Kutokana nayo ndiyo mna ile safu kwenye karatasi ya maombi, inayouliza nini kimetokea kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Msiiache tupu. Namba ikirudi mara mbili, tafuteni katikati yake. Mgonjwa huwa yupo pale katikati.

Mimi lakini sikulala na barua ya pongezi. Kama nilikata kimoja, nilikata vingapi? Nilifungua kabati, nikatoa mafaili ya figo ya tangu barua ya dubloni ilipokuja. Yalikuwa machache, yaliweza kukaa mapajani. Nilipata kingine katika faili la nne.

Tata Chizela, fundi wa pampu. Kipimo cha askari, safi. Mifuko mitatu ya damu. Ombi la kurudia. Mstari mwekundu. Alisafiri, akapandikizwa, na mwili ukaikataa figo siku ileile. Alifia ng'ambo. Mwisho wa faili palikuwa na barua ya hospitali ya kule, imebanwa pamoja na ankara. Nilikuwa nimeandika namba zangu pembeni mwa karatasi ile, kwa mwandiko mzuri, na sikuwa nimesoma hata neno moja lake. Mama Mujinga alinitafsiria. Ilisema damu ya mgonjwa ilikuwa na askari dhidi ya mtoaji, nao waliotuma vipimo vya zamani, yaani sisi, walishauriwa kupima upya kila mgonjwa anapotiwa damu.

Barua ilikaa kabatini mwangu zaidi ya mwaka mmoja. Nilipomwonyesha mkurugenzi, aliniambia kanuni ilifuatwa, jambo limefungwa, na nisiende popote. Barua ya onyo niliyoandikiwa baadaye kwa kwenda msiitafute, iko kwangu nyumbani.

Mtoaji wa figo ile alikuwa mke wake, Mama Kapinga. Niliulizia hadi nikaambiwa anaishi Nzilo, karibu na bwawa, anawapikia wafanyakazi bukari, yaani ugali. Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, nikamkuta kwenye sufuria kubwa anakoroga kwa mikono miwili.

"Mi njo Georgette wa fakture ya hospitali," nilisema.

"Fakture tena? Bwana yangu alishakufa."

"Sikuja kudai kitu."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kama nilivyojifunza njiani kwa kurudia kichwani: mifuko ya damu, askari, kipimo, kalamu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kumwagiwa uji ule wa moto. Aliacha kukoroga.

"Rudilia," alisema.

Nikarudia.

"Bale baaskari balikuwa mu damu yake yeye?"

"Ndiyo."

"Hapana mu figo yangu?"

"Hapana. Figo yako ilikuwa nzima. Hata daktari wa kule ameandika."

Alikaa chini, juu ya gunia la unga. Aliinua blauzi yake kidogo ubavuni, nikaona kovu refu jeusi.

"Banasema figo yangu ilikuwa na buchawi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenipa bei ya chakula. "Mama mukwe alisema ku kilio, mbele ya bantu bote. Eti nilimupatia bwana yangu figo ya kumukula. Bakanifukuza, bakabakia na batoto. Mi naendaka ku masomo yao, nasimama kule ngambo ya barabara, nabaangalia banatoka."

Miaka yote nilijua kwamba nyuma ya kila namba kuna mgonjwa. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu wa pili, mwenye kovu, anayesimama ng'ambo ya barabara. Bukari ilianza kuungua na hakuna kati yetu aliyeigusa.

"Utasema vile mbele yao?" aliniuliza.

"Nitasema."

"Na kama ni wewe ulikata, utasema?"

"Nitasema."

Tulikwenda Jumapili, baada ya misa, kwa Tata Muteb, mdogo wake marehemu, mtaani Kolwezi. Mama mkwe alikuwa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, kikongwe mwenye macho makali bado. Mama Kapinga hakuingia. Alisimama kizingitini, mguu mmoja nje. Nilisoma barua ile kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kisha nikaeleza maombi ya kipimo yalivyofika mezani kwangu na nilichoyafanyia.

Tata Muteb alisikiliza ameinama. "Hii karatasi ilifika lini?"

Nikamtajia mwezi. Ulikuwa mwezi uleule wa kilio.

"Na ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sisi tulifukuza huyu mama, na wewe ulikuwa na karatasi mu kabati."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, tata."

Hakuna aliyenitazama tena. Mama mkwe aliinuka kwa shida, akishika ukuta, akaenda hadi kwenye mlango wa vyumba vya nyuma, akaita watoto kwa majina yao.

"Mukuye," alisema. "Mama yenu eko apa."

Walitoka wawili, msichana na mdogo wake. Msichana alimtazama kwanza baba yake mdogo, kuona kama ni ruhusa. Tata Muteb alitikisa kichwa kukubali. Mama Kapinga alikaa chini pale pale mlangoni, na watoto wakamjia.

"Ingia mu nyumba," mama mkwe alimwambia. "Usikale mu mulango kama mugeni."

Mimi hakuna aliyeniambia niingie wala nitoke. Niliiacha barua juu ya meza, kwa kuwa ilikuwa yao tangu mwanzo, nikawapita pale chini nikiwa nimeshika nguo yangu isimguse yeyote, nikaenda barabarani kutafuta moto ya kunirudisha.